Mkaguzi wa Gilasi

Mtaani walimwita Mama Chupa. Asubuhi ukikutana naye barabarani na gunia begani, linagongana kwa kila hatua, ujue ametoka kuomba chupa tupu kwenye mabaa. Wasiomjua walimwonea huruma. Waliomjua walimtania, "Leo umezimaliza zote peke yako?" Naye, ambaye hajawahi kuonja hata bia, aliwajibu kwamba ndiyo, na kesho anarudia.

Chupa hizo ndizo zilizoendesha nyumba. Sebule ilikuwa imegeuka karakana zamani, na wageni walishazoea kukaa barazani. Humo ndani Mama Chupa alizikata chupa: alichora mstari kuzunguka kiwiliwili kwa kisu cha kukatia kioo, akaumwagia maji ya moto, kisha ya baridi, kisha ya moto tena, mpaka chupa ikakubali yenyewe na kuachia palepale kwenye mstari. Sehemu ya chini ndiyo iliyokuwa gilasi. Aliusugua mdomo wake kwa msasa na maji, halafu akaichora majani na ndege kwa kijimashine kinacholia kama cha daktari wa meno. Shingo nazo hazikutupwa. Alizivunja, akazipanga kwa rangi juu ya bamba na kuziyeyusha kwenye tanuri dogo la umeme, zikatoka vipande vya kutundika dirishani. Jua likipita hapo, ukuta wa jirani uligeuka kijani kuanzia juu hadi chini, na jirani hajawahi kulalamika.

Lakini hakuna gilasi iliyotoka nyumbani humo bila kupita kwa mama yake.

Mama yake, mjane aliyekuwa fundi cherehani maisha yake yote, alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kapu moja kulia, jingine kushoto. Alifumba macho, akazungusha dole gumba kwenye mdomo wa gilasi, kisha akatoa hukumu: "Pita," au "Rudi kwenye msasa." Rufaa haikuwepo. Binti yake alijaribu kubisha siku moja, akaambiwa, "Mimi nilikuwa natambua nyuzi kwa kugusa wewe hujaota meno."

Alipohamia hapo, baada ya kuuza cherehani yake kwa sababu, kama alivyosema, macho yamechoka, alikuwa mtu wa kuomba radhi kwa kila sahani ya chakula. Kiti kile ndicho kilichomrudishia sauti. Alianza kuamrisha watu, akaanza hata kunenepa. Mama Chupa aliliona hilo na likampendeza, ndiyo maana jambo lililokuja lilimwia vigumu kulisema.

Lilikuja na mwenye mgahawa, mteja wake mkubwa kuliko wote, mwanamke mpole ambaye meza zake zote zilikuwa na gilasi za majani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo upate chai."

Chai ililetwa kwenye vikombe vya bati. Mgeni alikishika chake, akakiachia upesi na kupuliza vidole. Wenyeji wake walikuwa wamevikumbatia vyao kwa viganja, wanakunywa bila wasiwasi.

"Watu wa nyumba hii mna mikono ya chuma," alisema, na wote wakacheka.

Mama Chupa alipomsindikiza hadi nje, mgeni alitoa kwenye mkoba gilasi iliyofungwa gazeti.

"Dada, sikutaka kusema mbele ya mama. Hii imemkata mteja mdomo. Si sana, damu kidogo tu. Lakini nimeziondoa zote mezani."

"Samahani sana, dada."

"Mimi nazipenda, unajua. Nitazirudisha zote, uzikague upya pamoja na zile mpya nilizoagiza. Ila ikitokea tena, sitaweza kuendelea."

Mama Chupa aliiinua gilasi kwenye mwanga. Kwenye mdomo palikuwa na mmeguko mdogo, usingeuona usipougeuza. Ilikuwa imepitishwa, kama zote.

Kesho yake alijifanya anachora, kumbe jicho liko mlangoni. Mama yake alifumba macho, akazungusha dole gumba, akasema, "Pita," akanyoosha mkono kuchukua nyingine. Kwenye gilasi aliyoiweka palikuwa na damu, nyembamba kama uzi. Mwenyewe hakuwa na habari. Ugonjwa wa sukari, ambao nyumba nzima iliuchukulia kuwa ni suala la chai isiyo na sukari na vidonge vya asubuhi, ulikuwa umemla hisia za vidole kimyakimya.

Mama Chupa akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mama, si upumzike leo? Jua kali."

"Mimi niko kivulini. Wewe ndiye uko kwenye tanuri."

"Basi nisaidie kupanga rangi."

"Rangi nipange mimi, halafu ukaguzi afanye nani? Paka?"

Siku ya kupeleka gilasi ilipokaribia, alipiga moyo konde na kusema, vibaya kama mtu anavyosema neno alilolilaza kifuani siku nyingi.

"Mama, vidole vyako havisikii tena. Gilasi imemkata mtu."

Bi kizee alitazama dole gumba lake, na plasta aliyokuwa amebandikwa bila kuuliza kwa nini.

"Kwa hiyo umenipiga kalamu."

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema."

Akasimama, akabeba kiti chake mwenyewe hadi chumbani na kurudisha mlango. Chakula cha mchana alikila humohumo, na alipoletewa alisema ahsante na samahani kwa usumbufu. Samahani hiyo ilimuuma Mama Chupa kuliko kama angetukanwa.

Hata hivyo kazi haikungoja. Alikaa juu ya ndoo, akaweka kapu kulia na kapu kushoto, akafumba macho kama alivyozoea kuona. Gilasi ya kwanza ilikuwa laini. Ya pili laini. Zote zikawa laini, akaanza kujisifu moyoni kwamba msasa wake ni wa kuaminika. Kisha jua likaingia kwa mlango na kuangukia kapu la zilizopita, na pale juu, kati ya nyingine, ukameta ule mmeguko. Ilikuwa ni ile gilasi ya mwenye mgahawa, iliyochanganyika na zile zilizorudishwa. Alikuwa ameipitisha.

Akaichukua na kupitisha dole gumba juu ya mmeguko. Hakusikia kitu. Kidole cha shahada, hakusikia. Akajaribu vyote, mkono huu na ule. Miaka ya kuvuta mabamba ya moto, miaka ya maji yanayochemka na msasa, na hakuwahi kujiuliza, kwa kuwa wa kugusa alikuwepo. Akakumbuka vikombe vya bati. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Alimkuta mama yake amekaa kwenye kile kiti katikati ya chumba, mikono katikati ya magoti.

"Mama, na mimi pia."

"Na wewe pia nini?"

"Hii ndiyo iliyomkata yule mtu. Nimeipitisha sasa hivi."

Bi kizee akanyoosha mikono, akaziweka ncha za vidole vyake juu ya ncha za vidole vya binti yake na kubonyeza.

"Unasikia?"

"Kwa mbali. Wewe?"

"Sisikii." Hakuiondoa mikono. "Cherehani sikuiuza kwa sababu ya macho. Nilikuwa siwezi tena kutunga uzi, sindano naiona lakini siisikii. Dole gumba hili tu ndilo lililobaki na uhai, ukaja ukanipa kiti. Lilipokufa nalo, ningekuambiaje? Ningerudi kuwa mgeni."

"Hujawahi kuwa mgeni hapa."

"Wewe ndiye unasema."

Mama Chupa alilia, na hakujificha. Mama yake alimwacha alie, kisha akaichukua ile gilasi na kuigeuzageuza.

"Anayekunywa anakunywa kwa dole gumba?"

Akalamba mdomo wake wa chini, akaugusisha kwenye gilasi, akaanza kuzungusha polepole mno.

"Mama, utajikata."

"Nyamaza, niko kazini." Akasimama ghafla. "Hapa."

Mama Chupa aliipeleka dirishani. Mmeguko ulikuwa palepale.

Akabeba kiti kukirudisha karibu na mlango, mama yake akamfuata nyuma na kuagiza makapu yote mawili yamwagwe, kazi ianze upya. Mchana kutwa haikusikika ila "Pita" na "Rudi kwenye msasa", na zilizorudishwa zilikuwa nyingi. Ilipomalizika ya mwisho, bi kizee alijipangusa mdomo kwa upindo wa kanga.

"Kabla hujazipeleka, zioshe vizuri kwa maji ya moto na sabuni," alisema. "Watu wa mgahawani wasije wakajua kwamba wote nimeshawabusu."