Koki ya Pikipiki Nyekundu

Petroli ikishaingia kwenye vidole siku ya mvua, haitoki kwa sabuni ya kipande. Unanawa, unajipangusa kwenye sketi ya shule, ukipeleka tonge mdomoni unaikuta imetangulia kufika. Mwaka wangu wa darasa la sita sina haja ya picha kuukumbuka. Nipe kitambaa chenye petroli na tope bichi la barabara ya Masoko, nitakusimulia wote. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mdomo mrefu kuliko miguu, na walimu walikuwa wameshanikalisha dawati la mbele peke yangu kama mgonjwa wa kuambukiza, kwa sababu kila aliyekaa na mimi alianza kucheka na hakupona. Sasa niko kidato cha tatu na nimekalishwa dawati lilelile, katika shule nyingine. Kwa hiyo msitegemee niongee kama mzee wa kanisa. Ninachoweza kusema ni kwamba habari hii nimewahi kujaribu kuisimulia kwa kuchekesha, mara mbili, na mara zote mbili niliishia njiani.

Mama yangu alikuwa daktari wa ng'ombe. Ndivyo watu walivyomwita, ingawa kwenye karatasi za serikali cheo chake kilikuwa kirefu zaidi na mshahara wake mfupi zaidi. Alipangiwa Rungwe kutoka Morogoro kabla sijazaliwa, akaja na sanduku moja na koti la mvua, na mvua ya Tukuyu ikalimaliza lile koti ndani ya mwaka. Baba simtaji kwa sababu na yeye hatutaji. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Maduka ya Makandana yalijaa redio, sabuni za kunukia na majinzi ya mitumba, na wakati huohuo ofisi zilikuwa zinafungwa, mlango mmoja mmoja. Sisi tulipata sabuni za kunukia na mama akapoteza kazi. Barua ilimshukuru kwa utumishi wake, ikaeleza kwamba kuanzia sasa wafugaji watajitafutia huduma wenyewe kwenye soko huria. Niliisoma nikamuuliza ni soko la upande upi, wa ndizi au wa mitumba. Hakucheka. Mama alikuwa mtu wa kucheka, ndiyo maana niliogopa.

Wafugaji wa barabara ya Masoko ndio waliotuokoa, au walijaribu. Kila nyumba kule ilikuwa na ng'ombe wa maziwa wawili watatu, wamefungwa bandani katikati ya migomba, wananenepeshwa kwa majani kama maharusi. Walikuwa na kikundi chao, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Mwaisumo, mtu mnene aliyeongea taratibu kana kwamba maneno yanauzwa. Kikundi kikaamua kumwajiri mama chenyewe. Kazi yake kubwa ingekuwa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali zinazotunzwa ndani ya mtungi wa gesi ya baridi, mtungi ambao ukiufungua unatoa moshi kama wa mganga. Shida ni kwamba ng'ombe akipata joto leo, hatakusubiri mpaka kesho jioni. Ukichelewa umekosa, mnakaa wiki tatu nyingine mnatazamana. Kwa miguu mama alikuwa anachelewa. Ndiyo maana ikatakiwa pikipiki, mali ya kikundi, dereva yeye. Na masharti yalisemwa wazi mbele yangu: miezi mitatu ya majaribio, akishindwa kufika kwa ng'ombe kwa wakati anatafutwa mwingine. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya serikali na tulishaambiwa tuipishe. Kwa hiyo mnaelewa. Pikipiki hiyo ndiyo ilikuwa ugali wetu na paa letu.

Siku ya kuchagua ilikuwa Jumamosi, kwenye uwanja wa kanisa, pale kilima kirefu kinapoanzia. Zililetwa mbili. Moja ya bluu, kubwa, ndefu kama meza ya altare, imetoka kwenye mradi wa wafadhili uliofunga virago. Ilipowashwa, kuku wa mchungaji waliingia ndani wenyewe. Ya pili ilikuwa nyekundu, ndogo, imetumika Dubai na kuletwa na mfanyabiashara mmoja wa Mbeya. Sauti yake ilikuwa ya cherehani. Kikundi cha Kawetele walikuwa na kubwa, na wazee wetu hawakuwa tayari kupishana na watu wa Kawetele njiani wakiwa na cherehani.

"Dokta, hii ina nguvu," Mzee Mwaisumo alisema, akaipiga ile ya bluu kibao mgongoni kama anavyopiga ng'ombe anayemtaka. "Beba mtungi, beba begi, beba hata ndama, inapanda."

"Ndama ana miguu yake, baba," mama akajibu. "Mimi naomba tuzilaze."

"Tuzilaze wapi?"

"Hapa, kwenye tope. Huko Masoko kuanguka nitaanguka, tusidanganyane. Nataka kujua nikianguka peke yangu nitaiinua au nitaikalia nilie."

Wazee wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akasema watu wote duniani wananunua pikipiki ya kusimama, dokta anataka ya kulala. Mama akawaacha wamalize. Alikuwa mfupi, mwenye mikono ya kazi ile, ambayo sitaieleza kwa sababu wengine mnasoma mkila. Akafunga kanga kiunoni, akailaza ile nyekundu, akaigeuzia mgongo, akashika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine, akasukuma kwa miguu. Ikasimama. Ya bluu akaifanyia vilevile. Ikainuka mpaka usawa wa magoti, ikafikiria kidogo, ikarudi chini. Akarudia. Mara ya pili aliteleza akakaa kitako kwenye tope, na safari hii waliocheka walikuwa wachache.

Aliyewanyamazisha kabisa ni fundi Ambakisye, ambaye ndiye alikuwa anaziendesha siku ile kwa sababu ndiye peke yake aliyejulikana kwamba hana upande. "Mwenyekiti, nguvu ya kupanda mlima nitawapimia mimi," alisema. "Uzito ameshawapimia mwenyewe. Mnaulizia nini tena?" Mzee Mwaisumo akajikuna kidevu, akatazama wenzake, akasema haya, ile nyekundu ikifika juu na mtungi wake bila matata, basi ichukuliwe hiyohiyo. Mama akanitazama. Hakutabasamu, lakini nilimjua, alikuwa ameshaanza kupanga vyombo kwenye nyumba mpya.

Na mimi nilitaka ya bluu. Ndiyo hivyo, sina sababu nyingine ya heshima ya kuwapa. Shuleni nilikuwa naitwa Mtoto wa Fahali wa Mtungini, jina lililotungwa na mvulana mmoja wa darasa la saba, na ubaya wake ni kwamba lilikuwa zuri, hata mimi ningelitunga. Nilikuwa nimeshajiona nimepakiwa nyuma ya ile ya bluu, inanguruma, tunapita mbele ya shule, na yule mvulana anameza jina lake zima zima. Kwa cherehani angecheka mpaka amalize shule. Basi wakati wanaume wanahangaika kufunga mtungi kwa mipira ya tairi, niliinama kama ninayeokota kipande cha mpira, nikapeleka mkono chini ya tanki, nikaifunga koki ya mafuta. Ilikuwa inavuja kidogo, petroli ikanishuka vidoleni. Nilikuwa nimekaa sana kibandani kwa Ambakisye nikimsumbua kwa maswali, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha: koki ikifungwa, pikipiki haizimi papo hapo. Inatembea na mafuta yaliyobaki kwenye kabureta, kisha inakata.

Ilikata katikati ya kilima, penye mteremko mkali kuliko pote. Cherehani ilinyamaza tu. Watoto tukakimbia kwenda kusukuma, mimi wa kwanza, na nikiwa nimeegemea tanki kwa bega, nikaifungua koki. Ambakisye akashuka. Akatikisa tanki, mafuta yapo. Akachomoa plagi, moto unatoka. Akapiga kiki mara saba bila kitu, ya nane ikawaka, ikapanda mpaka juu ikiimba. Nadhani ingekataa kabisa tungekuwa salama, maana wangetafuta ubovu na kuutengeneza. Kilichowatisha ni kwamba iliwaka.

"Ina kifafa hii," alisema Mzee Mwaisumo.

"Fundi, ni nini?" mama akauliza.

Ambakisye alijipangusa mikono kwa muda mrefu. Angekuwa mwongo angesema ni uchafu kidogo kwenye mafuta, kila mtu angetikisa kichwa na tungekwenda nyumbani. "Dada yangu, sina la kukwambia," alisema. "Imezima bila sababu, imewaka bila sababu. Siwezi kuwaambia ni nzima."

Mama akaomba ijaribiwe tena. Mvua ikawa imeanza, wazee wanavuta makoti vichwani. Mzee Mwaisumo akamwambia kwa upole, na upole ule ndio unaoniuma mpaka leo, "Dokta, wewe umetuuliza ukianguka Masoko peke yako utafanyaje. Na sisi tunakuuliza, ikizima huko Masoko uko peke yako, je?" Alikuwa amemchapa kwa fimbo yake mwenyewe. Mama akaifungua kanga kiunoni. Jibu nilikuwa nalo mimi, lilikuwa linaninukia vidoleni, na ningelisema pale pale ningechapwa viboko vitatu au vinne, na mambo yangeisha. Badala yake nilimwigiza Ambakisye anavyopiga kiki, na watoto wenzangu wakacheka sana.

Ikachukuliwa ya bluu, na jioni tukakaa kula. Nilipopeleka mkono kwenye sahani mama akasema, "Kanawe tena. Unanuka petroli."

"Nilikuwa nasukuma pikipiki."

"Nilikuona," akasema, akaendelea kula.

Ya bluu ilinipa wiki tatu za utukufu. Tulipita mbele ya shule, ikanguruma, yule mvulana akameza jina lake kama nilivyopanga. Nilikuwa nimekaa nyuma nimemkumbatia mama kiunoni, na ndipo nilipohisi kitu ambacho nyuma ya dirisha la darasa hakionekani: mgongo wake ulikuwa unatetemeka. Miguu yake haikufika chini. Kila alipotaka kusimama alitafuta kwanza jiwe au kisiki cha kukanyagia, na nyumba isiyokuwa na kisiki aliipita, akaenda kugeuza mbele mpaka apate tuta. Alijifunza visiki vyote vya barabara ya Masoko kuliko alivyowajua wenye nyumba. Na alifika kwa ng'ombe kwa wakati, hilo liandikwe. Wiki tatu hakukosa hata mmoja.

Wiki ya nne masika yalikuwa yamekolea. Aliteleza kwenye kona, mwendo wa mtu anayetembea, wala si ajali ya kusimulia. Pikipiki ikamlalia mguu wa kushoto, bomba la moshi likiwa bado la moto. Akajaribu kuisukuma kama alivyofanya siku ile uwanjani. Ikainuka, ikafikiria kidogo, ikarudi. Alikaa chini yake, mvua inamnyeshea, mpaka wakapita akina mama wanne wenye mikungu ya ndizi kichwani. Wakatua mizigo, wakaiinua wote wanne. Walikuja hospitali kumwona, wakawa wanasimulia kwa mshangao kwamba neno la kwanza alilowaambia lilikuwa wautazame mtungi kama umemwagika. Mfupa uliunga, lakini uliunga unavyotaka wenyewe, na pale bomba lilipogusa pana ngozi inayong'aa kama karatasi ya pipi. Mzee Mwaisumo alileta maziwa na ndizi kila wiki, akalia kweli, kisha kikundi kikatafuta mwingine, maana ng'ombe hawajui kusubiri mfupa. Walimpata kijana mmoja mrefu kutoka Mbeya. Anaiendesha ile ya bluu mpaka leo, miguu yake yote miwili inafika chini, na anasema ni mashine safi. Ni kweli. Haikuwahi kuwa mbovu.

Sisi sasa tumepanga chumba Makandana, na mama anauza chai na chapati kibarazani. Wenye ng'ombe wakija kunywa chai humuuliza mambo ya ng'ombe, naye huwajibu bure, halafu hutazama pembeni. Anatembea kwa kuutupa mguu kidogo upande, na mimi, niliyekuwa naigiza mwendo wa kila mwalimu, mwendo huo siwezi kuuigiza hata nikiwa peke yangu. Siku hizi pikipiki ndogo zimeanza kujaa hapa mjini. Hakuna anayewacheka wanaozinunua, na vijana wanajua kabisa kuulizana kama mtu akianguka nayo ataiinua.

Ile nyekundu aliichukua Ambakisye. Habari ya kifafa ilifika mpaka Mbeya, yule mfanyabiashara akakosa mteja, akamwachia kwa bei ya kutupa. Anaitumia kila siku, na asubuhi hupita kwetu kunywa chai. Huiegesha mbele ya kibaraza, hupeleka mkono chini ya tanki na kufunga koki, kwa sababu bado inavuja, nami huwa natafuta kitu cha kufanya ndani.

"Mwaka wa nne huu, dokta," huwa anasema, maana yeye bado anamwita hivyo. "Haijanizimia hata mara moja. Siku ile tu. Mpaka leo najiuliza iliona nini pale kilimani."

Mama humsikiliza mpaka mwisho, kila mara, kama habari mpya. Hugeuza chapati, huibonyeza pembeni kwa kitambaa. Halafu, bila kutazama nyuma, huniita.

"Rehema. Kanawe mikono, uje usukume."

Mikono yangu saa hiyo huwa haijashika chochote zaidi ya daftari. Huwa naenda kunawa.