Nilivyowahurumia panya wa maabara, nusura dawa itupwe

Wakuu, habari za kutwa. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Nahudumia panya kwenye maabara moja hapa Mwanza. Dirisha linatazama ziwa. Asubuhi ukungu unapanda mpaka kwenye vioo, na kimya cha mle ndani kinakufanya usahau kama uko kazini.

Tulikuwa tunajaribu dawa ya kutuliza uvimbe wa mapafu. Panya wanaumizwa mapafu kwanza, halafu wenye kadi nyekundu kwenye vizimba vyao wanachomwa sindano moja, wa bluu nyingine. Moja ni dawa, nyingine maji ya chumvi tu. Ipi ni ipi hatuambiwi, tusije tukapendelea.

Siku ya kwanza wale wa bluu walikuwa hoi. Wamejikunyata, mbavu zinacheza haraka haraka.

Nikamkumbuka mama. Nikiwa mdogo kule Misungwi aliumwa mapafu, baba akamhamishia kitanda jikoni, karibu na mafiga. Nilikuwa nakaa mlangoni nasikiliza anavyopumua, naona kama nyumba nzima inapumua naye. Akapona.

Basi nikasogeza vizimba vya bluu kwenye ukuta wa tanuri la kukaushia vyombo, pana joto tamu. Vyekundu nikaviacha dirishani. Sikuandika popote. Nilijiona mtu mwema kweli!

Mwisho wa jaribio panya wote huuawa ili mapafu yapimwe. Makundi yote yakatoka sawa.

Mkuu wetu, Dokta Koku, akafungua siri. Wekundu ndio waliopewa dawa.

"Basi haifanyi kazi," akasema taratibu. "Tunaifunga."

Nikamfuata mezani kwake.

"Dokta, samahani. Wale wa bluu niliwaweka kwenye joto."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Niliwaonea huruma."

Akanyoosha kidole dirishani.

"Na hawa wa dirishani, wao hawakuwa wagonjwa?"



Hakunifukuza. Tulirudia na panya wapya, vizimba vyote sehemu moja. Safari hii waliopata dawa walipumua vizuri kuliko wenzao, na mapafu yakaonyesha hivyo hivyo.

Nilifurahi, halafu nikaumia. Wale wa kwanza walikufa bure, na hawa wakafa kwa sababu yangu.

Siku hizi nikimhurumia panya, nashika kalamu kwanza.

Mama bado anasema yale mafiga ndiyo yaliyomponya. Mimi sibishi, ila sijui tena, maana hakukuwa na mgonjwa mwingine wa kumlinganisha naye.

Nani mwingine ameshaharibu kazi kwa huruma? Tiririkeni, nasoma zote.