Chini ya Puto la Jeshi

Jumapili iliyopita, katika makumbusho ya kijeshi hapa Brussels, nilimwona mama mmoja wa Bukavu akishindwa kutulia. Alikuja na binti yake mwanafunzi. Juu yetu ulining'inia mfano wa puto refu lenye injini, mojawapo ya yale ambayo jeshi liliyajaribu zamani, kabla watu hawajazoea ndege.

Mwongozaji alieleza kwamba puto hilo lilisukumwa ovyo na upepo, injini ilizimika mara kwa mara, na halikuwahi kudondosha bomu hata moja. Liliruka juu ya miji kwa majaribio tu, kisha jeshi likalifumua. Watu wakacheka. Yule mama akasogea pembeni, akatazama juu, akasogea tena.

"Maman, kuya huku, ni modèle tu," binti alimwita.

"Nimeona. Alors, umuulize: batu ya chini, nani alibaambia kama ni essai?"

Binti akauliza kwa Kifaransa nani aliwaambia watu wa chini kwamba ni majaribio. Mwongozaji akafikiri, akakuna shingo. "Hilo sijui, madame. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Sisi kule, tukisikia avion, tulikuwa tunalala chini," mama akasema. "Zingine zilileta bunga tu. Tulilala vile vile."

Binti alitafsiri polepole, hata zile ndege zilizoleta unga, na hakuna aliyecheka. Jeshi huandika kila safari ya vyombo vyake. Waliolala chini hawamo katika maandishi hayo.

Tulipoingia ukumbi wa ndege, mwongozaji alianza kusimulia, akasita, akageuka kumtazama yule mama kwanza.