Dada Pasi na Mwalimu Chuku

Dada yangu wanamwita Pasi. Jina hilo amebandikwa na wateja wake, kwa sababu nguo haitoki kwenye kibanda chake cha ushonaji bila kupigwa pasi, hata kama mwenyewe amekuja mbio na gari linamsubiri barabarani. "Kaa hapo," anamwambia. "Huwezi kutoka kwangu na mikunjo, watu watasema nimeshona kwa miguu." Na mteja anakaa, atafanya nini?

Mimi ni mdogo wake. Ni msusi, na kibanda changu kimepakana na chake. Niseme mwenyewe kabla hajawaambia yeye: mimi ni mtu wa shaghalabaghala. Vitana vyangu vinalala nami kitandani. Viatu vyangu havijuani, kimoja kiko mlangoni na kingine uvunguni. Tumezaliwa tumbo moja na dada, tumenyonya ziwa moja, lakini nadhani unadhifu wote alichukua yeye wa kwanza, mimi nilipofika nikakuta rafu tupu.

Ingieni kwenye kibanda chake mjionee. Nyuzi zimesimama ukutani kwa rangi, kuanzia nyeupe mpaka nyeusi, na ukichomoa ya bluu ukairudisha kwenye kijani, ataijua hata akiwa amekupa mgongo. Pini ikianguka, cherehani inasimama mpaka ipatikane. Na kuna mkasi. Mkasi ule mkubwa wa kitambaa, wenye utepe mwekundu kwenye mpini, una msumari wake ukutani, na haukati karatasi. Fundi yeyote atakwambia, karatasi inaua makali. Mimi niliwahi kuukaribia nikiwa na gazeti mkononi, weee! Alinitazama kwa jicho ambalo hata mama hajawahi kunipa.

Sasa mtu wa namna hiyo aliolewa na nani? Aliolewa na shemeji yangu, mwalimu wa lugha pale sekondari. Wanafunzi wake wanamwita Mwalimu Chuku, maana katika tamathali zote za semi hakuna anayoipenda kama ile ya kutia chumvi. Hawezi kusema chai ni ya moto. Atasema ulimi umeungua hadi ukoo mzima. Akimsubiri mtu kidogo tu kituoni, amesubiri mpaka ameota mvi. Na nyumbani, jamani, ni mwenzangu kabisa. Vitabu juu ya friji, chaki imefuliwa na shati, na siku moja miwani yake tuliikuta ndani ya debe la unga. Dada aliitoa, akaifuta, akamvisha bila neno.

"Mdogo wangu," aliwahi kuniambia, "yule mtu sijui hata lini anasema kweli. Mara mimi ni jua lake, mara mwezi wake, sijui nyota gani. Sasa mimi ni nini hasa? Siku akipiga kelele kwamba nyumba inaungua, mimi nitaendelea kushona." Alisema huku anacheka, nami nikacheka, yakapita.

Lakini mwezi uliopita mama yetu aliugua, dada akaenda kumuuguza. Aliporudi alimkuta mumewe kanyamaza. Si jua, si mwezi. Anachelewa kutoka shuleni, akirudi anakula kimyakimya, anakaa anaangalia ukuta. "Ameonja uhuru," dada akaniambia, na safari hii hakucheka. "Alibaki peke yake na fujo zake, akaona raha. Sasa mimi namkera."

"Acha hizo," nikamwambia. Ila na mimi moyoni niliingiwa na wasiwasi.

Basi, asubuhi moja akaja mama mmoja kuchukua sare ya binti yake. Mama mwenyewe ni wale wa kucheka kwanza, salamu baadaye. Mimi nilikuwa nimeketi pale kwa dada, nasubiri mteja wangu.

"Fundi, kumbe ndivyo ulivyo nyumbani! Jana binti yangu katusomea insha ya mwalimu wao, baba yake kadondosha kijiko!"

"Insha gani?" dada akauliza. Pasi ilikuwa mkononi, juu ya mkono wa shati.

"Ya watu nadhifu! Wameambiwa watafute tamathali." Akaegemea meza, akajishika kiuno, akaanza kuigiza: "'Mtu nadhifu hapumziki hata akilala, shuka zenyewe zinamwogopa. Mto ukilala upande, unaomba msamaha. Kila kitu mahali pake, mahali pake, mahali pake! Anafuta vumbi mezani, anafuta vumbi kwenye taa, na akikukuta umekaa unawaza, anafuta hadi mawazo. Kuishi na mtu nadhifu ni kuishi jela, ila jela yenye mapazia yaliyopigwa pasi.' Mapazia yaliyopigwa pasi! Nani kama si wewe?"

Akacheka mpaka machozi. Dada alimaliza mkono wa shati, akakunja sare, akaitia kwenye mfuko, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Karibu tena," akasema. Mama wa watu akaenda zake, bado anacheka njia nzima.

"Ameniita jela," dada akasema.

"Anatia chumvi, dada. Si unamjua?"

"Chumvi hutiwa kwenye chakula kilichopo. Haitiwi kwenye sufuria tupu."

Tangu juzi alikuwa anashona tu bila kukata kitambaa; sasa akanyoosha mkono ukutani kuchukua mkasi, akakuta msumari mtupu. Akainama chini ya meza. Kule chini, nyuma ya kapu la masalio, kulikuwa na vipande vya karatasi ya manila, vyembamba, vimekatwa upogo na mtu mwenye haraka. Akaviokota kimoja kimoja, akaviweka mezani, akavinyoosha.

"Kanikatia karatasi kwa mkasi wangu," akasema. "Kuniandika jela, kwa mkasi wangu mwenyewe!"

Akafunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nyumbani alitoa begi akaanza kupanga nguo, na hata kwa hasira ile alizipanga kwa rangi. Mimi nilisimama mlangoni nikimsihi apumue kwanza. Hakunisikia.

"Nakuja kukaa kwako," akasema.

Jamani! Nampenda dada yangu, Mungu shahidi. Nilimhurumia hadi machozi yalinilengalenga. Lakini niliposikia "kwako" nikaona chumba changu chote machoni: vitana vyangu vimepangwa kwa urefu, viatu vyangu vimelazimishwa kukaa pamoja, na mimi mwenyewe nimeketi ukingoni mwa kitanda kilichotandikwa, naogopa kukilalia. Ukweli ni kwamba ndoa ile ingevunjika, tungeumia watu watatu.

"Kwanza nampelekea ufunguo wake," akasema. "Siwezi kuondoka na ufunguo wa nyumba ya mtu, wala kuuacha chini ya zulia kama mhuni."

Tukaenda. Begi nililibeba mimi, na lilikuwa zito, maana alikuwa ametia na ubao wake wa kupigia pasi mikono ya nguo. Yeye alitangulia na ufunguo ngumini. Kila nikisema "dada, ongea naye kwanza," alikuwa anaongeza mwendo.

Darasa la shemeji liko mwisho wa kibaraza, na madirisha yake hayana vioo. Tukasimama dirishani nje. Yeye alikuwa ndani ametupa mgongo, shati limetoka upande mmoja, chaki imemtapakaa kuanzia nyweleni hadi sikioni. Ukutani alikuwa amebandika kipande kikubwa cha manila, na binti wa yule mama wa sare alikuwa amesimama mbele anakisoma. Ilikuwa ileile, shuka na mto na jela.

"'Shuka zinamwogopa,'" shemeji akasema. "Tamathali gani?"

"Tashihisi!" darasa likajibu. "Kitu kimepewa sifa za mtu!"

"'Mahali pake, mahali pake, mahali pake'?"

"Takriri!"

"'Anafuta hadi mawazo'?"

"Chukuuu!" Hiyo waliiimba, wanajua anavyoipenda.

"Na 'kuishi jela'?"

"Sitiari, mwalimu!"

Dada akageuka. "Nimesikia ya kutosha. Mkabidhi wewe huu ufunguo."

"Ngoja," nikamshika mkono wa gauni. Nilikuwa nimeona kitu. Shemeji alikuwa anafunua kipande kingine cha manila, na ukingo wake wa juu umekatwa upogo vilevile. "Dada, insha aliikata katikati. Ile ilikuwa nusu ya kwanza tu."

"Nusu gani tena?"

"Kundi la pili," shemeji akasema ndani, "haya, someni yenu, na wenzenu wasikilize, maana hawajaiona." Kijana mmoja mrefu akasimama.

"'Sasa tumgeukie mtu wa shaghalabaghala. Huyu ni mtu huru. Yuko huru kutafuta kiatu chake tangu jua kuchomoza mpaka kuzama. Ana mpango madhubuti: atapanga vitu vyake kesho, na kesho hiyo imekuwa kesho tangu dunia kuumbwa. Hatupi kitu, ganda la pipi aliyokula utotoni bado analo, ila hajui liliko. Akipika, jiko linalia. Anamcheka sana mkuu wa jela, kisha anamwuliza: mke wangu, miwani yangu iko wapi? Na mkuu wa jela anamjibu: iko usoni kwako.'"

Darasa lilivunjika mbavu. Mimi nami nilicheka, nikaziba mdomo kwa mkono. Dada hakucheka, ila hakuondoka.

Kijana akaendelea. "'Mwezi uliopita mkuu wa jela alikwenda kumuuguza mama yake. Mfungwa akabaki huru. Akatupa soksi juu ya kiti, akafurahi. Kesho yake akaziona. Akazitazama. Akaziokota, akazikunja, akaziweka mahali pake, na hapakuwa na mtu wa kumwambia afanye hivyo. Sitaki kuishi bila mke wangu.'"

Kijana akamgeukia mwalimu.

"Haya," shemeji akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Sentensi ya mwisho. Tamathali gani?"

Mikono ikanyanyuka. "Chuku!" akapayuka mmoja wa nyuma, na wenzake wakaangua kicheko. "Kejeli!" akasema mwingine. Nilitamani kuwapiga kwa kitana. Nikamtazama dada. Ufunguo alikuwa ameubana mpaka vidole vimepauka, na nilijua anachowaza: na hii pia ni chumvi tu.

Shemeji hakucheka. "Hapana," akasema. "Soma tena, taratibu."

Kijana akasoma. Sitaki kuishi bila mke wangu.

"Hamwioni tamathali kwa sababu haipo," shemeji akasema. "Kosa ni langu, nimewazoesha kutafuta chumvi mpaka kwenye maji ya kunywa. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta hapahapa, jioni baada ya jioni, mmeshakwenda makwenu. Kila nikiipamba inageuka uongo. Mwishowe nikaiacha hivyo ilivyo. Mtu akitaka kusema kweli tupu, anasema tu. Andikeni hivyo."

Kalamu zikaanza kukwaruza. Dada aliegemea ukuta wa dirisha, akapitisha kiganja machoni, mara moja, haraka. Halafu akanyoosha gauni, mbele na nyuma, akaingia darasani bila kubisha hodi. Nikamfuata na begi hadi mlangoni.

"Mwalimu."

Shemeji akageuka, chaki ikamponyoka. "Mke wangu! Umefika saa ngapi?"

"Tangu jela," dada akasema. Wanafunzi wakaziba vinywa. "Mkasi wangu uko wapi?"

Loo, mngemwona! Akajipapasa mifuko yote, akafunua madaftari, akapiga magoti chini ya meza. Dada akanyoosha kidole. Mkasi ulikuwa umening'inia kwenye msumari wa ramani, utepe mwekundu ukiwa nje. Hata kwenye fujo yake yote, alikuwa ameutafutia msumari.

Akaushusha, akamkabidhi. Hapo ndipo aliponiona mimi mlangoni, na mzigo wangu.

"Shemeji, begi la nini?"

Nikamtazama dada.

"Nilikuwa naondoka," dada akasema.

Shemeji alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakikutoka kitu, si jua, si mwezi. Uso ulimsawijika, nikamwonea huruma kweli. Akauliza: "Na sasa?"

"Sasa narudi nyumbani."

Yule wa nyuma, aliyepayuka chuku, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na hiyo ya mama ni tamathali gani?"

Shemeji alikuwa bado anamtazama mkewe. Akajibu dada mwenyewe.

"Hakuna tamathali hapo, mwanangu," akasema, akautia ufunguo mkobani, akafunga zipu.

Mimi nilishusha pumzi kwa nguvu mpaka wanafunzi wa mbele wakageuka. Nikaliweka begi sakafuni.

"Usiliweke hapo," dada akasema, "kuna vumbi la chaki."

Nikalinyanyua tena, na nikalibeba kwa furaha yote mpaka kwake.