Vidole Viwili Chini ya Kidevu

Hakuna aliyepanda farasi katika zizi lile kabla ya kupita mikononi mwa mwanamke mmoja mfupi mwenye gambuti. Angekutazama kuanzia viatu kwenda juu, akifika shingoni angekwambia, "Inua kidevu," kisha angepenyeza vidole viwili kati ya mkanda wa helmeti na ngozi yako. Vidole vikiingia kwa kubana, pita. Vikicheza, mkanda unakazwa hapo hapo, uwe daktari, uwe mke wa mkubwa, uwe mwenye farasi mwenyewe. Ndiyo maana wakamwita Vidole Viwili. Hakukasirika. Alisema yapo majina mabaya zaidi, na mengine alikwisha kuitwa.

Kazi yake hasa ilikuwa kutunza farasi: kuzoa mavi, kubadilisha nyasi kavu za kulalia, kusugua matandiko kwa sabuni, kuchokoa kokoto kwenye kwato. Kukagua helmeti hakuna aliyemwajiri, alijiajiri mwenyewe. Helmeti ikianguka na mtu, hata kama haikupata mkwaruzo, aliipeleka nyuma ya stoo na kuipasua kwa nyundo. Alijua helmeti huumia kwa ndani bila kuonyesha, na kwamba ikirudishwa kwenye msumari wake, kesho ataivaa mtoto wa watu. Meneja aliposikia ile nyundo alitoka ofisini mbio kama aliyeitiwa moto.

"Mama, utatufilisi!"

"Kichwa hakiuzwi dukani, meneja."

"Na helmeti je, zinaota shambani?"

Nyundo iliendelea tu.

Usimdhanie mwoga, tafadhali. Ujanani alipanda farasi bila tandiko na kicheko chake kilifika kabla ya kwato. Aliyembadilisha ni kaka yake, mkufunzi hodari ambaye farasi wakorofi walimtii kama askari kwa afande. Kaka huyo hakuanguka akiruka wala akikimbia. Alikuwa amemaliza mazoezi, kavua helmeti na kuitundika kwenye tandiko, anapiga soga na mwenzake juu ya farasi aliyesimama tuli. Mlango wa bati ukabamizwa na upepo, farasi akaruka kando, na kaka akatangulia kwa kichwa. Hakuamka tena. Aliacha binti mdogo, na shangazi mtu akamchukua akamlea. Tangu hapo, mtu akimtajia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alijibu kwa ukali, "Guu hupona. Niambie habari ya kichwa."

Lakini damu nzito kuliko maji, na damu ya yule binti ilikuwa ya farasi. Ukimkataza mlango hupita dirishani. Basi shangazi akaona heri apande mbele ya macho yake kuliko nyuma ya mgongo wake, na binti akapanda, akaruka, akapepea, mpaka akaingia fainali ya mashindano makubwa ya kuruka viunzi, juu ya jike mweusi aliyeitwa Haraka. Waliompa jina hilo walijua walichofanya. Baraka wakaachiwa wengine waitafute.

Asubuhi ya fainali shangazi na binti walikuwa hawasemezani vizuri. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya mzunguko wa ushindi. Pale, mshindi huzunguka uwanja mara moja akiwa kichwa wazi, helmeti mkononi, akiwapungia watu. Wote hufanya hivyo, na picha zao zimejaa ukuta wa ofisi. Kaka mtu yumo humo pia, akicheka, nywele zikipeperuka.

"Shangazi, nikishinda navua," binti alisema akikaza mshipi wa tandiko. "Nataka picha yangu ikae karibu na ya baba. Ni mzunguko mmoja tu! Hata viunzi havirukwi!"

"Baba yako naye hakuwa anaruka kitu."

"Ndiyo hayo! Kila siku hayo hayo!"

"Inua kidevu," shangazi akasema. Vidole viwili vikaingia kwa kubana. Binti akapanda bila kuaga, na shangazi akabaki na hatamu ya farasi mwingine mkononi.

Uwanja ulifurika. Watu walikaa mpaka juu ya paa la stoo ya nyasi. Mpinzani wa mwisho, kijana wa zizi la ng'ambo ya barabara, alikwisha kuruka viunzi vyote bila kuangusha hata kimoja, na watu wake walikuwa wanacheza tayari. Kisha kengele ikalia, Haraka akaingia, na shangazi akasahau kununa. Kiunzi cha kwanza, huyo! Cha pili, huyo! Kwenye ukuta wa matofali ya mbao, kwato ya nyuma ikagusa, tofali likayumba, watu wakashika vichwa, tofali likatulia. "Usimvute! Mwachie kichwa!" shangazi alipiga kelele, akimkanyaga meneja mguu wala asijue. Kona ya mwisho binti aliikata karibu mno, ile ambayo kila mtu alimwonya asiikate, na jike yule akajikunja, akapaa, akatua upande wa pili huku mkia umesimama. Saa ya ubaoni ikaonyesha muda mfupi zaidi. Amemshinda kijana!

Meneja alimbeba shangazi. Ndiyo, meneja yule yule. Shangazi akalia, akacheka, akampiga meneja ngumi za furaha begani, na hapo, akiwa juu juu hewani, akaona mkono wa binti ukipanda kwenye kidevu.

Alijitupa chini. Akapita chini ya ua wa uwanja, gambuti moja ikabaki kwenye tope, akakimbia na soksi mbele ya umma wote, mbele ya wageni wa heshima na makombe yao. Kelele za watu zilimeza sauti yake. Alichoweza ni kuinua mkono, vidole viwili juu. Watu wakadhani anaonyesha alama ya ushindi, wakamshangilia kwa nguvu.

Binti alijua si hiyo. Alimtazama mwanamke yule mwenye mguu mmoja wa tope, mkanda ukining'inia, akacheka mpaka akainama juu ya shingo ya farasi. Kisha akaufunga mkanda, akavua glavu, akaanza mzunguko wake akipunga glavu.

Hakufika nusu. Spika ya mshereheshaji ilitoa mlio mkali wa ghafla, Haraka akaruka kando, binti akaenda upande wake. Kichwa kiligonga nguzo ya ua, na mgongano ule ulisikika mpaka juu ya paa.

Shangazi ndiye aliyefika kwanza. "Msimwinue! Msimvue helmeti! Muuguzi aje!" Akapiga magoti, akashika uso wa mtoto wa kaka yake. Macho yalikuwa wazi.

"Farasi wako anaitwa nani?"

"Haraka."

"Leo siku gani?"

Binti alifikiri sana. "Shangazi, nimeshinda?"

Hospitali walimpiga picha ya kichwa. Daktari alisema ubongo umetikisika lakini hakuna damu ndani. Alale, apumzike, farasi asiwaze mpaka aruhusiwe. Helmeti ilikuwa mezani, imepasuka kutoka sikioni hadi utosini. Daktari aliizungusha mikononi, akaiweka chini taratibu, akamshika shangazi mkono. Safari hii nyundo haikuhitajika.

Binti akageuka kitandani. "Shangazi, nimeshinda?"

"Umeshinda, mwanangu."

"Weee! Kweli?" Akang'aa uso mzima. Baada ya kitambo kidogo macho yakapotea, yakarudi. "Shangazi, nimeshinda?"

"Umeshinda!"

"Weee!"

Na kila mara furaha ilikuwa mpya kabisa, na kila mara shangazi alifurahi naye upya, kwa maana jibu hilo hakulichoka. Mpaka jua lilipoegemea dirishani, binti akauliza swali jingine.

"Na kwenye mzunguko, nilivua helmeti, siyo?"

"Hukuvua."

"Mimi? Usinitanie. Nilikwambia navua."

"Ulinitazama, ukacheka, ukaifunga mwenyewe."

Binti alijigusa kichwa chini ya bendeji, akitafuta kumbukumbu ile, asiipate. Hajaipata hadi leo. Wa kuikumbuka ni shangazi, naye siku ile aliisimulia tangu mwanzo, soksi na tope na yote, mpaka binti akacheka tena kicheko kile kile cha uwanjani.

"Nilikusikia, basi," akasema.

"Ulinisikia."

Akafumba macho, akainua kidevu kidogo, kama alivyozoea kila asubuhi. Shangazi akaweka vidole viwili pale, shingoni, pasipo mkanda wowote, akasikia mapigo ya moyo yakienda.

"Shangazi," sauti ikatoka usingizini, "nimeshinda?"