Majivu Juu ya Kabichi

Mwalimu wetu wa sanaa, katika shule ya bweni pale Morogoro mjini, alikuwa na picha aliyoipenda kuliko alivyotupenda sisi. Ilikuwa nakala ya mchoro wa Kizungu: kijiji, mapaa meupe, njia inayopanda, rangi zimepakwa madoamadoa. Ukisogea karibu huoni nyumba. Ukirudi nyuma, kijiji hicho hapo. Alituahidi kwamba atakayeieleza vizuri ataruhusiwa kutumia rangi zake. Nilizitaka rangi zile kuliko chakula.

Nikasimama. Nikasema watu wa kijiji kile wamemwaga majivu bustanini, na wadudu lazima wamewazidi nguvu, maana wamemwaga hadi juu ya mapaa. Kwetu Mgeta kabichi zikivamiwa tunazinyunyizia majivu ya jikoni alfajiri, umande ukiwa haujakauka. Hukaa juu ya majani vilevile, meupe, na kivulini hugeuka bluu.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Hiyo ni theluji, wewe mtoto wa mlimani. Rudi kwenu ukalime."

Tangu siku hiyo jina langu likawa Majivu, miaka minne, na brashi yake sikuishika. Niliapa kwamba iko siku.

Kuchora nilijifunza kwa fundi wa mabango sokoni. Mwaka jana hoteli moja ya mjini ikatundika mchoro wangu wa Mgeta: matuta ya kabichi, majivu, asubuhi. Siku ya kuuzindua mwalimu alikuja, mstaafu, anatembelea mkongojo. Nikamkuta mbele ya mchoro akiwaeleza wageni jinsi theluji ya Ulaya inavyoanguka. Nikamwacha amalize. Kisha nikasema, wote wasikie, kwamba hayo ni majivu, na mchoraji ni mimi, yule mwanafunzi wake aliyenyimwa rangi. Wageni wakacheka. Mkuki kwa nguruwe, nikajisemea. Nilifurahi, sitadanganya.

Alinitambua. Akainamisha kichwa kidogo kama wazee wafanyavyo wakingoja kuamkiwa. Nikamtazama usoni.

"Mambo vipi?" nikamwambia.

Vicheko vikakatika. Mama mmoja akatazama sakafu.

"Marahaba, mwanangu," akajibu mzee, taratibu, kana kwamba nimempa shikamoo yake, akaenda zake.

Kisasi nimelipa, na bado nina hasira naye. Sasa ni kwa ajili ya ile marahaba.