Farasi Saba kwenye Karatasi Moja

Mimi mdomo ninao, sijifichi. Muulize muuza mboga wa Al Muraqqabat, mtaa wetu huku Dubai, aliyetaka kunichanganyia nyanya mbovu. Waulize wale kina dada wa chumba cha pili tuliokuwa tukigombania jiko nao kila jioni. Mama yangu kule Likoni husema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Basi na nielezwe, maana mwenyewe nimeshindwa, kwa nini siku ile moja ambayo mdomo ungenifaa, niliufunga.

Mume wangu alikuwa saisi. Kazi yake tangu ujana ilikuwa farasi: kuwaosha, kuwalisha, kuwatembeza alfajiri. Aliifanya Nairobi, kisha akaja kuifanya huku, kwenye zizi moja nje ya mji. Siku moja farasi aliyeshtushwa na ndoo akampiga teke la nyonga. Zizi halikumtaka tena, akapata kazi ya ulinzi kwenye ghorofa moja la Jumeirah Lake Towers. Kusimama saa kumi na mbili kwa siku. Kiti kilikuwepo pale mapokezi, lakini kiti ni cha wageni.

Tuliishi wawili kwenye chumba kilichogawanywa kwa mbao, Al Muraqqabat, watoto wetu wakiwa kwa mama. Akirudi kazini nilikuwa namvua viatu mwenyewe, kwa sababu kuinama alikuwa hawezi. Mwaka ninaousimulia tulikwenda kwa daktari mtaa wa Oud Metha. Akatuonyesha picha ya mfupa na kusema nyonga imekwisha, dawa yake ni kuibadilisha. Bima ya kampuni haikugusa jambo hilo. Supavaiza naye akamwambia kwamba mkataba unaisha mwezi wa sita, na asiyeweza kusimama hataongezewa. Khalas. Kwa hiyo ilikuwa ama apasuliwe kabla ya mwezi wa sita, ama arudi nyumbani na mguu mmoja wa kazi, na mimi nibaki peke yangu.

Hapo ndipo inapoingia karatasi.

Dubai huruhusiwi kuweka hela kwenye farasi. Lakini siku ya mbio kubwa za mwezi wa tatu, wanazokuja kuzitazama matajiri wa dunia nzima, uwanjani wanagawa karatasi bure. Unaandika jina lako na namba ya kitambulisho, unachagua mshindi wa kila mbio, mbio saba, unaitumbukiza kwenye sanduku kabla ya mbio ya kwanza. Ukipata zote saba, zawadi yake inatosha kubadilisha nyonga na nyingine ikabaki. Mama alipozisikia habari hizi akasema kwenye simu, "Hiyo ni kamari, mwanangu." Mume wangu akacheka. "Mwambie mama kamari ni kuweka hela. Mimi naweka macho tu."

Na macho alikuwa nayo, jamani. Miaka mitatu mfululizo alijaza karatasi ile, na mara zote alipata nne au tano. Mwaka huo aliifanyia kazi kama mtu anayesomea mtihani. Alilala kitandani, mto chini ya nyonga, simu juu ya kifua, akitazama video za mazoezi ya asubuhi, anazirudisha nyuma, anazirudisha tena. Alikuwa na daftari la mazoezi la shule. Hakuandika nani ana kasi. Aliandika nani anakanyaga vibaya mguu wa nyuma, nani anatupa kichwa akishikwa, nani anatoka jasho shingoni kabla hajakimbia. "Farasi wa jasho la shingo ameshakimbia mbio yake kichwani," aliniambia. "Akifika langoni hana kitu."

Mbio ya saba ndiyo mbio yenyewe. Kila mtu alikuwa akimtaja farasi mmoja mwekundu, namba nne, mzuri wa kupigwa picha. Mume wangu alimkata kwa mstari. Alimchagua wa kijivu, namba tisa, asiyetajwa na mtu. Kisa ni rafiki yake mmoja Msudani, saisi wa zizi jirani, aliyemnong'oneza kwamba yule wa kijivu akitoka mazoezini hula chakula chote na kulamba ndoo. "Wengine wakichoshwa hawali," alisema mume wangu. "Huyu hachoki. Wenzake watakapoanza kuhema, yeye ndiyo kwanza anaanza."

Siku yenyewe supavaiza akamnyima ruhusa. Lakini mimi nilikuwa nakwenda uwanjani, kwa kuwa nilikuwa yaya wa madam mmoja hukohuko Jumeirah Lake Towers, na madam alikuwa na meza yake kule, na watoto walihitaji mtu wa kuwashika mikono. Basi mume wangu akanikabidhi kikaratasi chenye namba saba. Alinisomesha zile namba asubuhi wakati nikimfunga kamba za viatu. Nilizikariri kama Alhamdu.

Nilijaza kwenye meza ndogo karibu na sanduku, watoto wananing'inia sketini. Saba zote, kama zilivyo. Nilikuwa nimeshaikunja karatasi madam alipotokea na ile kofia yake pana kama sinia, akiwa na furaha.

"Nawe unacheza? Hebu nione!"

Nikampa. Angalia, hakuninyang'anya. Nilimpa mwenyewe kwa mikono miwili, kama ninavyompa kila kitu.

Akazipitia namba mpaka akafika ya mwisho. "Tisa? Hapana, hapana. Namba nne. Mwenye namba nne tunamjua, tulikula naye jana. Yalla, badilisha."

"Yes, madam," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Hakuna aliyenishika shingo. Lile neno lilitoka kabla sijaliita, kama lilivyokuwa likitoka kwa miaka saba: safisha hapa, yes madam, usiende likizo mwezi huu, yes madam. Na nisijipake mafuta, kulikuwa na jambo la pili. Nilijiambia kwamba watu hawa wanakula meza moja na wenye farasi. Wanajua ya ndani. Mume wangu ni mlinzi wa mlangoni mwenye daftari la shule. Nilifikiri hivyo, wallahi, kuhusu mume wangu. Nikachukua karatasi mpya, nikajaza upya, sita za kwake na ya saba ya madam, nikaitumbukiza. Ile ya kwanza nikaichana.

Mbio ya kwanza akashinda aliyechaguliwa na mume wangu. Ya pili vilevile. Ya tatu nikaanza kuhisi kijasho chembamba mgongoni. Ya nne, ya tano. Farasi wake walikuwa wakipita pale mbele yetu mmoja baada ya mwingine, kama walioagizwa na yeye. Ya sita ilikuwa ya pua kwa pua, wakasubiri picha, kisha ikatangazwa namba yetu, na madam akanikumbatia. Sijawahi kukumbatiwa na madam. "We are winning!" akasema. Sisi! Nikatabasamu.

Kabla ya mbio ya mwisho farasi huzungushwa kwenye kiwanja kidogo ili watu wawaone. Watoto wakataka kusogea, nikawapeleka hadi kwenye uzio. Namba nne akapita hatua mbili kutoka nilipo. Shingo yake ilikuwa imelowa, povu jeupe limejaa chini ya hatamu, na macho yanamtoka. Nyuma yake akafuata wa kijivu, mkavu kabisa, kichwa chini, anatembea kama anakwenda kuchota maji. Mimi sijui farasi. Lakini siku ile niliona, kwa sababu nilikuwa nimesomeshwa nini cha kuona. Sanduku lilikuwa limefungwa tangu mchana.

Nilimwomba Mungu. Nilimwomba amwangushe wa kijivu, yule mnyama asiye na kosa. Nilisimama na watoto wa watu mkononi, nikimwombea ubaya farasi aliyechaguliwa na mume wangu.

Namba nne aliongoza mpaka kona ya mwisho, kisha akaisha. Wa kijivu alikuja kwa nje, polepole kwa macho yangu, akawapita wote, akavuka mstari peke yake.

"Aah, basi!" madam akasema, akicheka, akainua glasi yake. "It's only a free game." Akageuka kuongea na mwenzake.

Simu yangu ikaita. Walinzi hawaruhusiwi simu wakiwa zamu, kwa hiyo nilijua amejificha chooni. Alikuwa amezitazama mbio zote kwenye televisheni ya mapokezi, akiwa wima.

"Mama watoto!"

"Abee."

"Saba! Saba kwa saba! Uliandika kama nilivyokwambia?"

Nilikuwa na nafasi nyingine hapo. Ninaihesabu hii kuwa dhambi kubwa kuliko ile ya kwanza, kwa sababu hapo hapakuwa na madam.

"Ndiyo," nikasema. Na yeye akalia. Mtu mzima, chooni, amevaa sare ya kampuni. Nilimsikia akijaribu kuzuia sauti.

Siku tatu alisubiri kupigiwa. Aliilaza simu kifuani. Ikiita namba asiyoijua alijivuta akasimama kwanza, ndipo akapokea, maana aliona si adabu kupokea habari kama ile amelala. Walikuwa watu wanaouza bima na kadi za benki. Mwenzake wa zamu, Mganda mmoja mcheshi, alimchezea ngoma pale kwenye maegesho. Mimi nilipika, nikafua, nikagombana na wale wa chumba cha pili kuliko siku zote, nikasema moyoni kwamba kesho nitamwambia.

Ijumaa baada ya swala alirudi akiwa amenyoa. "Nimewapigia Oud Metha," akasema. "Wamenipa tarehe ya upasuaji. Jumatatu wanataka nikapimwe damu. Utanisindikiza?"

Nikakaa sakafuni. Nikamwambia yote, kofia, namba nne, karatasi niliyochana. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Ulimwambia kwamba ni yangu? Kwamba ni ya nyonga?"

"Sikumwambia."

"Angejua asingekubadilishia. Si mtu mbaya yule."

"Najua."

Maneno manne tu, "ni ya mume wangu", nami niliye na mdomo wa kumfukuza muuza mboga barabarani. Nilitaka anitukane. Nilitaka apige ukuta wa mbao mpaka majirani waje. Nilianza mwenyewe kujitukana kwa sauti, nikajiita mjinga, mtumwa, mke asiyefaa, mpaka akaniwekea mkono kichwani.

"Wacha," akasema. "Hata mimi ningesema yes."

Afadhali angenipiga. Kwa sababu nilijua kuwa anasema kweli, na nikatuona wote wawili pale sakafuni, watu wazima, wazazi, tuliofunzwa neno moja vizuri mno. Alikuwa akifahamu farasi kuliko wenye farasi, na bado angebadilisha. Kitu kikanifia ndani siku ile na hakijafufuka.

Mwezi wa sita alishindwa kusimama mbele ya supavaiza. Nilimpeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Wakamletea kiti cha magurudumu, na alipokaa alipumua kwa raha, akanitazama akasema, "Wamenipa kiti hatimaye." Nikacheka kwa ajili yake. Nilipobaki peke yangu kwenye metro nililia mpaka mama mmoja Mfilipino akanipa tishu.

Sasa yuko Likoni. Anatembea kwa mkongojo mpaka dukani na kurudi, na siku mbaya hatembei kabisa. Mimi bado niko hapa, kwa sababu sasa mimi ndiye ninayelisha nyumba. Viatu vyake anavuliwa na binti yetu. Tunaongea kila siku, na hatugusi habari ya farasi.

Mwaka huu mwezi wa tatu ulipokaribia, madam aliniita sebuleni. Alikuwa anajaribu kofia mpya mbele ya kioo.

"Mume wako," akasema, "yule anayejua farasi. Mwaka ule alikaribia kweli! Muulize mwaka huu anampenda nani mbio ya mwisho."

Mwaka ule. Baada ya mbio zile aliniuliza nani alinichagulia wale sita, nikamwambia ni mume wangu, zamani saisi, wala sikuongeza neno. Hakujua kwamba ameondoka. Nilifanya kazi nyumbani mwake kila siku, na hakujua. Nilipaswa kumwambia hapohapo, na maneno niliyaona yamepangana kwenye ulimi, yote, na nyonga, na kiti cha magurudumu.

"Nitamuuliza, madam."

Nikampigia mume wangu kutoka jikoni. Nilidhani atakata simu. Nikasikia kitanda kikilia anajigeuza. Kisha akaniambia namba mara moja, bila kufikiri, pamoja na sababu zake: kwato, pumzi, mguu wa nyuma. Kumbe muda wote huo, akiwa amelala kule, bado alikuwa anazitazama video za asubuhi.

"Mwambie madam sita," akasema. "Na wewe ujaze, mama watoto, namba za mbio nyingine nitakutumia. Usimpe mtu."

Nilirudi sebuleni nikamwambia madam sita. Akaniambia asante, akaigeuza kofia upande wa pili, akaniuliza ipi inampendeza.

Siku ya mbio nilichukua karatasi, nikaandika jina langu na namba ya kitambulisho. Nikasimama pale mezani na kalamu, bila kuandika farasi hata mmoja, mpaka sanduku likafungwa.